Aliyeingia na Bibi Harusi

DADA WAYA: Haloo, mitambo hapa. Naongea na nani?

MZEE VIGAE: Jumamosi. Tarehe kumi na nne. Saa tisa kasoro dakika kumi, alasiri.

DADA WAYA: ...Samahani?

MZEE VIGAE: Nakuuliza, siku hiyo, saa hiyo, nani alikaa kwenye mitambo yenu? Namba hii nimeitoa kwenye kadi ya harusi. Mmeandika kwa chini, "Picha na sauti, moja kwa moja, popote ulipo." Popote ulipo! Sasa namtaka huyo mtu.

DADA WAYA: Shikamoo kwanza, mzee wangu.

MZEE VIGAE: Marahaba. Namtaka huyo mtu.

DADA WAYA: Huyo mtu ni mimi.

MZEE VIGAE: Wewe? Si mwanamke wewe?

DADA WAYA: Ndiyo, na nyaya hazijawahi kulalamika.

MZEE VIGAE: Usinitanie, binti. Nipe fundi.

DADA WAYA: Fundi ndiye mimi. Wenzangu wananiita Dada Waya. Na wewe mwenzangu, nani?

MZEE VIGAE: Mimi... mimi ni jirani. Jirani wa baba yake bibi harusi. Kanituma. Yeye ana shughuli zake.

DADA WAYA: Aha. Jirani.

MZEE VIGAE: Jirani kabisa. Tunachangia ukuta.

DADA WAYA: Haya, jirani. Huyo baba anasumbuliwa na nini?

MZEE VIGAE: Anataka kujua nani aliwaagiza muichafue picha. Maana alikuwa anaangalia vizuri tu, kila kitu kinaonekana. Viti, mapambo, mpaka dada yangu anapiga miayo—

DADA WAYA: Dada yako?

MZEE VIGAE: Dada yake! Shangazi mtu. Usinikate. Ilipofika bibi harusi anaingia, yuko mlangoni, kashikana mkono na mtu, papo hapo ikawa ukungu. Mabonge mabonge. Sura haina pua, haina macho. Lakini sauti? Sauti safi kama uko ndani! Vigelegele vyote nikavisikia. Na yule msema chochote wenu kwenye kipaza sauti anatangaza, "Bibi harusi anaingia na baba yake!" Baba yake yupi? Baba yake alikuwa chooni!

DADA WAYA: Chooni?

MZEE VIGAE: [anakohoa] Kazini. Alikuwa kazini.

DADA WAYA: Na katika hayo mabonge, aliona nini?

MZEE VIGAE: Alimwona shemeji yake. Mjomba wa bibi harusi. Koti la kahawia, bega pana, na kichwa chake kilekile, kikubwa cheusi cha pembe nne. Kichwa kile mimi siwezi— yeye hawezi kukikosea.

DADA WAYA: Na wana ugomvi?

MZEE VIGAE: Mkewe alikufa kwenye benchi, binti. Siku mbili benchi la hospitali, na ndugu yake wa tumbo moja ndiye msimamizi wa vitanda. Ana ofisi, ana muhuri, ana kalamu mbili mfukoni. "Shemeji subirini, kuna utaratibu." Utaratibu! Ukiwa mdogo unapewa utaratibu, ukiwa mkubwa unapewa kitanda. Siku ya kuzika akala kiapo, paa moja na mtu yule, kamwe. Mpaka anaingia kaburini. Sasa binti yake akamwambia, "Baba, wote ni wangu, nitawaalika wote." Akamjibu, "Basi chagua." Akakaa kwake.

DADA WAYA: Akaangalia kwenye simu.

MZEE VIGAE: Akachungulia. Kuangalia ni neno kubwa.

DADA WAYA: Na shangazi mtu, aliyekuwemo ukumbini, anasemaje?

MZEE VIGAE: Anasema hakuna mwanamume yeyote aliyemwingiza. Uongo! Wamepanga wote. Halafu mtaani kuna mama mmoja anauza mkaa, na yeye aliangalia. Harusi ileile, dakika ileile. Kaona mpaka hereni za bibi harusi! Nikamwuliza, nani kamwingiza? Akanitazama, akaniambia, "Nenda kaangalie tena, baba." Akashika debe lake akaondoka. Sasa nieleze. Mnawapanga watu, sivyo? Huyu safi, huyu ukungu. Kuna orodha mmepewa na wakubwa.

DADA WAYA: Muuza mkaa na yeye mkubwa?

MZEE VIGAE: ...Ana simu kubwa.

DADA WAYA: [anacheka kidogo] Orodha ipo, jirani. Ila si ya watu. Huyo baba kazi yake nini?

MZEE VIGAE: Fundi vigae. Mtaa mzima wanamwita Mzee Vigae. Ukuta wake unaweza kumwaga maji juu, yakashuka yamenyooka kama uzi.

DADA WAYA: Vizuri, basi tutaelewana upesi. Kamera inaniletea picha moja. Hiyo simpi mtu. Kompyuta yangu inaijenga upya palepale, mara tano. Picha ya kwanza imejengwa kwa vigae vidogo kama punje za mchele. Kila mkunjo wa nguo unauona. Ya pili vigae vinakua kidogo. Inashuka hivyo hivyo mpaka ya tano, vigae vikubwa, vichache, ukuta umekwisha.

MZEE VIGAE: Hiyo ya tano ni takataka. Kigae kikubwa huwezi kuzungusha pembe nacho. Hapo kwenye bomba, kwenye swichi, utafanyaje?

DADA WAYA: Huwezi. Ndiyo maana pua na macho vinapotea. Lakini ni nyepesi, inapita hata njia ikiwa finyu. Sasa zote tano nazikata vipande. Kila kipande sekunde nne. Kipande cha kumi cha picha ya kwanza na kipande cha kumi cha picha ya tano vinaanzia mahali pamoja na kuishia mahali pamoja. Kwa hiyo mtu anaweza kutoka kwenye hii akaingia ile, harusi inaendelea, na bibi harusi haruki hata hatua.

MZEE VIGAE: Mistari ya vigae imelingana.

DADA WAYA: Hapo hapo! Naviweka vyote rafuni, naandika orodha, kipande gani kiko wapi, kimejengwa kwa vigae gani. Kazi yangu imeishia hapo.

MZEE VIGAE: Imeishiaje? Si lazima kuna anayeamua huyu apewe kipi?

DADA WAYA: Yupo. Nikuulize. Huyo Mzee Vigae yuko kwenye nyumba ya watu anajenga. Hana nafasi ya kulundika, anaagiza stoo boksi moja moja. Mwenye nyumba hataki kazi isimame. Boksi la mwisho limechelewa, njia mbovu. Lijalo ataagiza lipi?

MZEE VIGAE: Nitaagiza vikubwa. Boksi moja la vikubwa linakula ukuta kuliko—

DADA WAYA: Na njia ikifunguka?

MZEE VIGAE: Narudi kwa vidogo.

DADA WAYA: Nani ameamua?

MZEE VIGAE: Mimi niliye kazini. Stoo inajua nini? Stoo inatoa unachoagiza.

DADA WAYA: Basi.

MZEE VIGAE: ...Basi nini?

DADA WAYA: Mimi ni stoo, jirani. Fundi ni simu iliyo mkononi mwa mtazamaji. Inasoma orodha, inaomba kipande, inapima kimechukua muda gani kufika. Kimekuja mbio? Kinachofuata inaomba kizuri zaidi. Kimejikokota? Inashuka. Mfukoni inaweka akiba ya vipande viwili vitatu mbele. Ikiona akiba inakwisha inashtuka, inaomba vile vya vigae vikubwa, ili mradi picha isigande. Ya muuza mkaa iliagiza vidogo. Ya huyo baba iliagiza vikubwa. Mimi hapa sikujua hata kama wapo.

MZEE VIGAE: [mkwaruzo] ...na sauti je? Mbona sauti—

DADA WAYA: Sauti ni kitu kidogo. Inapenya hata tundu la sindano.

MZEE VIGAE: Kwa hiyo unataka kusema hakuna aliyeagizwa.

DADA WAYA: Hakuna.

MZEE VIGAE: Hakuna mkubwa aliyesema muifiche sura ya yule mtu.

DADA WAYA: Hakuna, mzee. Simu yake ilimwonea huruma tu. Ilikuwa na njia mbili. Imnyime picha, au impe mbovu—

MZEE VIGAE: Ingemnyima!

DADA WAYA: Mzee, usipige kelele, nina spika sikioni.

MZEE VIGAE: Ingemnyima kabisa, binti! Angejua hajaona! Kuliko kumpa nusu, akadhani kaona. Mtu ambaye hajaona hawezi... hawezi kufungua mdomo akasema yale...

DADA WAYA: Haloo?

MZEE VIGAE: Nipo.

DADA WAYA: Alikuwa wapi, huyo baba, ilipoanza kuchafuka?

MZEE VIGAE: Kazini. Nyumba ya ghorofa, bado inajengwa.

DADA WAYA: Sehemu gani?

MZEE VIGAE: Choo cha chini. Ndicho alichokuwa anakitia vigae.

DADA WAYA: Kuta za zege?

MZEE VIGAE: Zege, na nondo za kutosha, mwenye nyumba mwoga wa tetemeko.

DADA WAYA: Mlango?

MZEE VIGAE: Wa chuma.

DADA WAYA: Ulikuwa wazi?

[mkwaruzo]

MZEE VIGAE: Ulikuwa wazi mpaka vigelegele vilipoanza. Vilikuwa vinasikika. Na wenzake wako nje pale, hatua tano, wanachanganya zege. Kwa hiyo akaufunga.

DADA WAYA: Kwa nini? Si harusi tu?

MZEE VIGAE: Walikuwa wameiona kadi. Wakamwuliza, "Mzee, binti anaolewa?" Akawaambia kadi ni ya mtoto wa rafiki. Akawaambia binti yake... akawaambia yeye mambo ya binti yake hayajui. Jumamosi akaaga kwamba tumbo linamwendesha, akaingia humo. Kwa hiyo vigelegele vikianza kutoka chooni, ataeleza nini?

DADA WAYA: Zege na chuma huzuia mtandao. Kwa hiyo njia aliifunga mwenyewe.

MZEE VIGAE: Hatua tano tu za kutoka nje, binti?

DADA WAYA: Hata tatu zingetosha.

MZEE VIGAE: Lahaula.

DADA WAYA: Na sasa hivi, mzee, uko wapi? Maana hata wewe unakatikakatika.

MZEE VIGAE: Mimi? Nipo humu humu. Ukuta wa mwisho bado sijaumaliza, tangu siku ile—

DADA WAYA: Jirani na wewe fundi vigae, choo hichohicho.

MZEE VIGAE: Umeshanijua.

DADA WAYA: Nimekujua tangu ulipofungua kinywa. Sauti yako nimewahi kuisikia.

MZEE VIGAE: Wapi? Sijawahi kukupigia mimi.

DADA WAYA: Tutafika huko. Kwanza fungua huo mlango, utoke.

MZEE VIGAE: Wapo nje, binti. Wanakula.

DADA WAYA: Vizuri, hawako kazini. Kuna yeyote mwenye simu nzuri?

MZEE VIGAE: Fundi plasta. Ana kioo kama dirisha.

DADA WAYA: Harusi nzima tumeihifadhi, iko palepale, vipande vilevile. Mwombe akuazime, afungue kile kiungo kilichokuwa kwenye kadi. Mimi nabaki hapa sikioni mwako. Toka, baba.

[mlango wa chuma, sauti za watu, laini inatulia ghafla]

MZEE VIGAE: Nimetoka. ...Nini? Hapana, tumbo ni zima. Wee, cheka tu. Sikiliza, plasta, niazime simu. Nataka kuangalia harusi. Ile ya... ile ya binti yangu. ...Ndiyo, nilisema. Nilisema ya rafiki, nakumbuka. Sasa nasema ni ya binti yangu. Kadi hii hapa, soma hapo chini, miwani sina.

DADA WAYA: Nakusikia vizuri kweli sasa.

MZEE VIGAE: Wamenyamaza wote. Bora wangecheka.

DADA WAYA: Mwambie apeleke mpaka dakika ya arobaini na moja.

MZEE VIGAE: Arobaini na moja, plasta. Hapo. Hapo hapo. ...Binti! Ni ileile! Ukungu! Yule pale, koti la kahawia, kichwa chake hicho! Si nilikwambia? Njooni muone, huyo—

DADA WAYA: Ngoja.

MZEE VIGAE: Ningoje nini tena? Niko nje, juani!

DADA WAYA: Ikianza huwa inaagiza vikubwa kwanza, ili ufungukiwe upesi. Inaijaribu njia. Usiikimbilie. Hesabu vipande viwili.

MZEE VIGAE: Moja... mbili...

DADA WAYA: Unaonaje?

MZEE VIGAE: Imejikunjua... imesafika kidogo. Namwona mwanangu. Kapendeza. Huyo mtu wa pembeni... amekuwa mfupi. Miguu yake iko wapi? Plasta, mbona hana miguu?

DADA WAYA: Ngoja kipande kingine.

MZEE VIGAE: Kichwa kimebaki nyuma. Wao wanakuja mbele, kichwa kimebaki palepale! Binti, kile nini?

DADA WAYA: Spika yangu, mzee. Ile ya kona, nyeusi, kwenye stendi.

MZEE VIGAE: Spika.

DADA WAYA: Ya pembe nne.

MZEE VIGAE: Nilimtukana spika?

DADA WAYA: Tazama koti.

[vigelegele vinasikika kwa mbali kutoka simu nyingine]

MZEE VIGAE: Kuna ndoano. Juu ya kola kuna ndoano. Ni... ni kiango cha nguo. Kakishika mwanangu mwenyewe. Mkono wake kaupitisha kwenye mkono wa koti, kama mtu kashikana na mtu. Hamna mtu humo ndani. Plasta, simamisha. Simamisha hapo hapo, usiguse.

DADA WAYA: Unaliona vizuri?

MZEE VIGAE: Mama yake alinunua kitambaa kimoja, akashona mawili. Moja langu, moja la kaka yake. Alisema tufanane, tuache kununiana. Langu kifungo cha tatu kilidondoka, akakosa cha kahawia, akaweka cheusi. Akasema nani ataangalia.

DADA WAYA: Na hapo?

MZEE VIGAE: Cheusi. Nilidhani liko sandukuni kwangu. Mwanangu alikuja mara ya mwisho akaniomba kitu cha mama yake, nikamwambia fungua sanduku uchague, mimi nimegeukia ukutani. Sikumwuliza kachukua nini. "Bibi harusi anaingia na baba yake." Kumbe walisema kweli.

DADA WAYA: Walisema kweli, mzee.

MZEE VIGAE: Na yule mwingine? Shemeji. Nimeshika uso hapa, niambie tu. Alikaa wapi?

DADA WAYA: Mtu mmoja alifika mapema, ana koti kama hilo. Nilikuwa navuta nyaya mlangoni, nikasikia. Bibi harusi alimpokea, akamwambia, "Mjomba, nisamehe. Baba akija, asikukute chini ya paa hili." Yule bwana hakubisha. Alikaa benchi la nje mpaka shughuli inakwisha. Hata chakula alipelekewa huko.

MZEE VIGAE: Benchi.

DADA WAYA: Benchi la nje, ndiyo.

MZEE VIGAE: Mwanangu alinitunzia kiapo changu. Mimi niko chooni namtoa roho, yeye ananiwekea nafasi. [anapumua] Plasta, chukua simu yako. Chukua tu. Hapana, sina kitu. Vumbi la saruji.

DADA WAYA: Umekaa, mzee?

MZEE VIGAE: Nimekaa juu ya boksi. Sasa niambie. Sauti yangu umeisikia wapi?

DADA WAYA: Una uhakika?

MZEE VIGAE: Nimeshavuliwa nguo mbele ya watu, binti, kofia ya nini?

DADA WAYA: Kwenye ratiba kulikuwa na salamu za walio mbali. Mshereheshaji alikuwa amechomeka simu yake kwenye spika zangu. Shangazi mdogo, rafiki zake wa kazini, mmoja baada ya mwingine. Unajua, mnachokiona huko kwenye simu kiko nyuma ya ukumbi kama nusu dakika. Ulipokuwa unamwona mlangoni, yeye alishakaa. Mara ujumbe wako ukaingia kwenye kikundi cha familia, ambacho mshereheshaji aliingizwa apokee salamu. Wa sauti. Dakika moja na sekunde kumi na moja.

MZEE VIGAE: Usiniambie.

DADA WAYA: Mshereheshaji akafurahi! Akasema, "Jamani tulieni, baba anaongea."

MZEE VIGAE: Binti, usiniambie—

DADA WAYA: Ukumbi wote ukanyamaza. Wewe ukasema, "Mwanangu, leo umenizika mzima." Nikavuta waya.

MZEE VIGAE: Maneno manne.

DADA WAYA: Manne tu. Watu wakadhani furaha imekuzidi umeshindwa kuendelea. Wakapiga makofi.

MZEE VIGAE: Walinipigia makofi.

DADA WAYA: Mpaka wengine walisimama.

MZEE VIGAE: Ulijuaje? Kwamba yanayofuata ni...

DADA WAYA: Nimekulia nyumba yenye sauti kama ile, mzee.

MZEE VIGAE: Nisamehe.

DADA WAYA: Aa, yamepita. Ila bosi alikasirika. Kaona waya umetoka mbele ya wageni, basi nimeharibu shughuli. Wiki hii sijagusa mitambo. Nakunja nyaya, napokea simu.

MZEE VIGAE: Ndio hao! Ndio wakubwa hao! Anakaa kwenye kiti cha kuzunguka, hajui hata—

DADA WAYA: Mzee. Waya niliuvuta mimi. Nikaulizwa mimi, nikajibu mimi.

MZEE VIGAE: Ndiyo. Ndiyo, mama.

DADA WAYA: Sikusema kwa kukuchoma.

MZEE VIGAE: Imechoma, na mahali pake. Na yeye? Mwanangu? Makofi yalipopigwa?

DADA WAYA: Hakupiga. Alikuwa amelilaza koti kiti cha pembeni. Akainuka, akamwomba mshereheshaji ile simu, akaenda nayo chumba cha nyuma. Peke yake.

MZEE VIGAE: Na simu.

DADA WAYA: Na simu. Ujumbe ulikuwa bado upo?

MZEE VIGAE: Niliufuta! Dada yangu alinipigia, analia, "Umefanya nini?" Nikaufuta kwa wote.

DADA WAYA: Saa ngapi?

MZEE VIGAE: Sijui! Vidole vina saruji, kioo kinagoma, nafuta kwenye suruali, nabonyeza, kinagoma. Sijui ilikuwa mara moja au baada ya robo saa. Alikaa humo muda gani?

DADA WAYA: Dakika tano. Labda sita. Huenda aliufungua ujumbe, huenda ulishafutika kabla hajaufungua. Alirudi uso umeoshwa. Halafu akalivaa lile koti juu ya shela. Akakaa nalo mpaka mwisho. Watu wakacheka, wakasema bibi harusi anasikia baridi.

MZEE VIGAE: Alilivaa.

DADA WAYA: Na vifungo akafunga.

MZEE VIGAE: Mtu aliyesikia yale yote angelivaa? Nilimtaja mama yake humo, binti. Nilimwambia mama yake angekuwa hai ange... Hapana. Siwezi kulirudia. Hata kule chooni siwezi kulirudia.

DADA WAYA: Sikuulizi.

MZEE VIGAE: Siku sita hajanipigia. Dada yangu anasema yuko kawaida, anacheka, ameanza kupanga vyombo. Kawaida ya aliyesikia, au kawaida ya asiyesikia? Mimi najua kichwa chake kigumu, ni changu hicho. Angeweza kusikia akafunga vifungo hivyohivyo.

[mlio mfupi]

DADA WAYA: Mzee, nini hiyo?

MZEE VIGAE: Dakika zinaniishia. Niliweka za kukutukana tu, sikujua tutafika huku.

DADA WAYA: Basi zilizobaki usizimalizie kwangu. Mpigie. Leo, hapo hapo ulipokaa, nje.

MZEE VIGAE: Mbele ya hawa?

DADA WAYA: Mbele ya hawa. Ukirudi humo ndani atasikia nusu.

MZEE VIGAE: Akipokea nitamwambia nimeona koti. Nimeliona vizuri, mpaka kifungo. Hilo naliweza. Nitamwambia na mjomba wake... hilo nitajikaza. Lakini binti—

DADA WAYA: Naam?

[mlio mfupi, mara mbili]

MZEE VIGAE: Haya, kwaheri, asante, Mungu akurudishie mitambo yako. Ila niambie hili moja, haraka, wewe uliyekulia nyumba ile. Kama alisikia, nitaomba msamaha, nitapiga magoti hata kwa simu. Lakini kama hakusikia, kama ndani ya kile chumba hakuna kilichofunguka — nimwambie?